Mazoezi ya Mpwa Wangu

Aghalabu mtu aulizwapo habari za maradhi ya mwana wa nduguye huanza na sababu, akaja kwenye dalili, akamaliza kwa dawa. Lakini mimi, ambaye kwa majaaliwa ya Mola nilimlea mpwa wangu chini ya dari moja na mama yake mjini Tanga, tangu hajaweza kuinua shingo mpaka akawa mtu mzima mwenye ndevu, kila nikumbukapo habari zake huanza na mikono: mikono ya wale waliomshika, waliomkanda, waliomkunja na kumkunjua na kumgeuza huku na huku kwa nia njema, miaka ikapita kabla ya yeyote miongoni mwetu kumwuliza yeye mwenyewe alitaka kwenda wapi.

Alizaliwa mwaka 1995, wakati wa masika, katika hospitali nisiyopenda kuitaja, usiku ambao wajawazito walikuwa wengi na wakunga wachache. Hakulia alipotoka, na hata alipolia sauti yake ilikuwa hafifu mno, na siku chache baadaye akapatwa na degedege. Tulirudi nyumbani tukishukuru kwa roho mbili zilizosalimika, wala hapana aliyetuonya juu ya jambo lolote. Ilipofika miezi ambayo watoto wa rika lake walikuwa wakikaa na kuchezea vikombe, yeye alikuwa bado akilala chali, ngumi zimefumba vidole gumba ndani, na kila alipovuliwa nguo ili aogeshwe miguu yake ilikakamaa kisha ikapishana, hata dada yangu hakuweza kumvisha nepi ila kwa auni ya mtu wa pili. Daktari wa watoto, mtu wa maneno machache, alimpima akasema ni mtindio wa ubongo. Na dada yangu alipouliza dawa yake, alijibiwa kwamba dawa ni mazoezi, akapewa kikaratasi, akaitwa mgonjwa mwingine.

Majirani nao walikuwa na elimu yao. Mmoja alisema ni jini wa baharini, mwingine kwamba mama alipitiwa na upepo mbaya alipokuwa mjamzito, na wa tatu, kwa sauti iliyokusudiwa isikike, kwamba nyumba yetu ina deni lisilolipwa. Si insafu kuwacheka, kwa maana hata matabibu wakubwa walishindana sana juu ya asili ya jambo hili. William John Little, mpasuaji wa London ambaye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda kwa maradhi ya utotoni, alisimama mwaka 1861 mbele ya chama cha matabibu wa uzazi akaeleza kwamba kukakamaa kwa watoto wengi kulitokana na uzazi mgumu na kukosa pumzi. Naye Sigmund Freud, ambaye walimwengu humjua kwa habari za ndoto, aliandika mwaka 1897 kitabu kikubwa juu ya kupooza kwa watoto, akashuku kwamba pengine uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya kasoro iliyoanzia tumboni. Leo yajulikana kwamba kila mmoja aliona upande wake wa kweli, na kwamba zaidi ya hayo iko hatari ya kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, uko umanjano mkali wa kichanga ulioachwa bila tiba ya mwanga, iko homa ya uti wa mgongo, na iko malaria ipandayo kichwani. Lililotufaa sisi zaidi katika elimu hiyo ni hili: jeraha la ubongo lenyewe halienei wala halizidi, ila mwili ukuao juu yake hubadilika kila mwaka, mifupa ikirefuka na misuli iliyokakamaa ikikataa kuifuata, na kwa ajili hiyo kazi ya viungo haina siku ya kumalizika.

Mikono ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mkandaji, jirani yetu, aliyekuwa akija baada ya sala ya alasiri na kikombe cha mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Aliketi mkekani, akamlaza mtoto juu ya miguu yake aliyoinyosha, akamkanda kuanzia nyayo hata kisogoni, polepole, akimwimbia nyimbo ambazo maneno yake mengine hata mimi sikuyaelewa. Sitaki kusema neno la dharau juu ya kazi yake, maana baada ya kukandwa mtoto alikuwa akilala usingizi wa raha, na dada yangu alipata saa moja ya kuoga na kukaa kitako, faida ambayo hapana hospitali iliyomwandikia. Lakini asubuhi miguu ilikuwa imekakamaa vilevile. Mkandaji mwenyewe, ambaye alikuwa mkweli kuliko wengi wenye vyeti, alimwambia dada yangu siku moja, "Mwanangu, mimi namlegeza tu, kumsimamisha siwezi."

Ndipo tukasafiri mpaka Dar es Salaam, kwa CCBRT, shirika lililoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na huko tukamkuta mtaalamu wa fiziotherapia ambaye jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtazama dada yangu jinsi alivyombeba mtoto. Alikuwa akimbeba mikononi, amelala kama mzigo wa kuni, kwa kuwa aliambiwa na watu kwamba mgongo wake dhaifu. Mtaalamu akamwomba kanga, akamtia mtoto mbelekoni mgongoni mwa mama yake, miguu imepanuliwa huku na huku ya kiuno, akasema kwamba kwa mtoto ambaye miguu yake hupishana hapana kifaa cha Ulaya kipitacho mbeleko, kwa sababu mapaja hutanuka saa nzima bila ya mtu kuyavuta, na kichwa hulazimika kujiinua ili kuona njia. Akatufundisha kumlisha akiwa ameketi wima, kidevu kikiinama kidogo, kwa kijiko kidogo na bila haraka, kwani chakula kimwagwacho kinywani mwa mtoto aliyelala chali huweza kuingia mapafuni, na wengi wa watoto hawa hudhoofika kwa vichomi na njaa kuliko kwa mtindio wenyewe. Hayo yote hayakuwa mazoezi kwa maana tuliyoitarajia. Yalikuwa namna ya kuishi.

Alituambia pia tumchimbie mchanga. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mchanga mwingi wa pwani, na kumketisha mtoto shimoni lilikuwa jambo ambalo wazee walilijua, ila tuliliona la kijinga mbele ya sayansi. Baadaye nilisoma kwamba Mmarekani mmoja, Charles Super, aliyeishi Kokwet katika nchi ya Wakipsigis huko Kenya, alichapisha mwaka 1976 habari za kina mama wa huko wanaowachimbia vichanga kishimo, wakakitandika nguo, wakawaketisha humo mpaka waweze kukaa peke yao. Na akaona kwamba watoto hao waliwatangulia wenzao wa Marekani katika kukaa na kutembea, mambo ambayo walifundishwa, lakini hawakuwatangulia katika yale ambayo hapana aliyewafundisha. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi. Mwili hujifunza kile unachozoezwa, wala haujifunzi jirani ya kile.

Shimo lilipokuwa dogo tulimtengenezea kiti cha karatasi. Ufundi huu ulienezwa kutoka Zimbabwe na mwalimu aitwaye Bevill Packer, na hauhitaji ila maboksi, magazeti makuukuu na gundi ya unga wa ngano, vikapangwa tabaka juu ya tabaka, vikakandamizwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama ubao. Kiti chetu kilikuwa na kona ya kuegemea mabega yasirudi nyuma, kizuizi kati ya mapaja, na meza mbele ya kifua, nacho kilimfaa mno, illa mende wa Tanga waliipenda gundi ile kupita kiasi, tukalazimika kukipaka vanishi na kukiinua juu ya matofali kila usiku.

Katika miaka hiyo mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kusoma, nilianza kufuatilia asili ya mazoezi haya, nikakuta kwamba yana tarehe ndefu na magomvi yake. Mashuhuri kupita wote walikuwa mume na mke, Karel na Berta Bobath, Wayahudi wa Berlin waliokimbilia London kabla ya Vita vya Pili; mume alikuwa tabibu, na mke mwalimu wa mazoezi ya viungo, naye ndiye aliyevumbua, alipokuwa akimtibu mwaka 1943 mchoraji mmoja aliyepooza upande, kwamba mkono uliokakamaa huweza kulegea ikiwa mwili mzima utawekwa katika mkao fulani. Kutokana na hilo wakajenga mfumo mzima kwa watoto: mtaalamu humshika mtoto mahali maalumu, huuzuia mkao mbaya, huuongoza ulio mzuri, na hutumaini kwamba ubongo utaukumbuka. Mfumo ule ukaenea duniani kote, na kikaratasi alichopewa dada yangu siku ya kwanza kilikuwa mjukuu wake. Wakati huohuo Budapest alikuwako tabibu András Pető, ambaye aliwakusanya watoto vikundi vikundi, akawapa viti vyenye migongo ya ngazi ya kushikia na muongozaji wa kuwaimbisha na kuwahesabia, akawataka wafanye wenyewe: kujivuta, kuvaa, kwenda chooni, kwa kutamka kwanza lile walilokusudia kulifanya.

Ninalowastahi Wabobath kwalo ni kwamba wao wenyewe uzeeni walikiri kuwa utulivu wa viungo walioupata watoto chini ya mikono yao haukuhamia wenyewe katika kuvaa, kula na kutembea, kama walivyokuwa wametumaini. Bibi yetu mkandaji alikuwa amelisema jambo lilo hilo bila ya kuandika kitabu. Na katika miaka ya 1990 Mmarekani Diane Damiano na wenzake wakaivunja dhana nyingine ya siku nyingi, kwamba mtu aliyekakamaa asifanye mazoezi ya nguvu asije akakakamaa zaidi. Walipowapa watoto uzito wa kuinua, misuli iliongezeka nguvu, na kukakamaa hakukuzidi. Ikafuata kazi ya Iona Novak wa Australia, aliyezichambua mwaka 2013 tiba zote zijulikanazo, akazipanga kwa rangi za taa za barabarani: ile ya kumnyoosha mtoto kwa mkono, na ile ya Wabobath katika sura yake ya awali, hazikupata kijani, yaliyoipata ni mazoezi ya jambo hasa ambalo mtoto analitaka, yakirudiwa mara nyingi, nyumbani mwake, kwa vyombo vyake.

Lakini sisi tuliliona hilo kabla ya kulisoma, na mwalimu wetu alikuwa mpira wa miguu. Fundi seremala alikuwa amemjengea mpwa wangu uani miti miwili sambamba ya kushikia, akitakiwa aende na kurudi kati yake kila jioni, naye aliichukia miti ile kwa chuki ya dhati, akilia, akijilegeza, akidai kiu. Mwaka 2002 likaja Kombe la Dunia la Japani na Korea, ambalo kwa saa za huko mechi zake zilichezwa asubuhi na mchana wa kwetu, wakati ambao mimi nilikuwa kazini na mama yake sokoni, wala hapakuwa na wa kumbeba mpaka kibanda umiza cha kutazamia mpira kilichokuwa nyumba chache kutoka kwetu. Jirani ndiye aliyetuambia. Alimwona mtoto ameshika kiwambaza cha nyumba yetu, akajivuta ubavu ubavu mpaka kwenye nguzo ya baraza ya pili, akapumzika, akashika ukuta wa nyumba ya tatu, magoti yakigongana, jasho likimtiririka, na watoto wengine wakimpisha. Na mpira ulipokwisha akarudi kwa njia ile ile. Alifanya hivyo kila siku ya mechi. Miti ya uani ikageuzwa kamba ya kuanikia nguo, na mtaalamu wetu alipopata habari alifurahi mno, akatutaka tumtafutie mtoto mambo mengine yenye thamani ya mpira.

Nasema hivi nikiwa na hadhari, kwa sababu wapo watu ambao wakisikia habari ya nia husema basi asiyetembea hakutaka. Huo ni udhalimu. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake wa Canada waliwapanga watu wenye mtindio katika daraja tano, kuanzia atembeaye bila kushika kitu hata yule ahitajiye kuegemezwa hata kichwa, na uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya uwezo wa kukaa na kutembea hupatikana kabla ya mtoto kutimiza miaka 5 au karibu na hapo, kila daraja kwa kadiri yake. Mpwa wangu alikuwa wa daraja la 3, la watembeao kwa kushika magongo au kigari. Siku mtaalamu alipomweleza dada yangu hayo waziwazi, kwamba asitarajie mtoto wake atupe magongo, alilia usiku kucha, na asubuhi akaamka amepata wepesi ambao sikuuona usoni mwake tangu azae, kwa kuwa sasa aliweza kumpeleka mtoto shule badala ya kumsubiri kwanza atembee. Nguvu zilizokuwa zikimwagwa katika miguu zikaelekezwa katika mikono na ulimi, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo akamfundisha kushika kalamu nene iliyozungushiwa mpira wa baiskeli.

Katika habari za mazoezi ya nyumbani liko jambo ambalo vitabu hulipita mbio. Vikaratasi vya hospitali huandika "asubuhi, mchana na jioni", kana kwamba nyumba ina mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na mtu huyo, katika nyumba zote nilizopata kuziona, ni mama. Baba wa mtoto wetu aliondoka mapema, kwa maneno ya upole na bila kurudi, na dada yangu akabaki na biashara ya maandazi, maji ya kuteka, mtoto wa kubebwa mwenye uzito uliokuwa ukiongezeka, na mazoezi ya mara tatu. Aliporudi kliniki akakiri kwamba hakuyatimiza, muuguzi mmoja alimkemea mbele ya watu. Tiba isiyopima nguvu za yule atakayeitekeleza ni nusu ya tiba. Mtaalamu aliyetusaidia hasa alikuwa yule aliyeuliza siku ya dada yangu ikoje tangu alfajiri, kisha akayachomeka mazoezi ndani ya kazi zilizopo: mtoto asimame akishika meza wakati maandazi yanasukumwa, ainuke kutoka kigodani kila apewapo kitu, avae shati mwenyewe hata ikiwa itachukua muda wa chai kupoa.

Visu vilikuja, kama vinavyokuja kwa wengi. Alipokuwa akirefuka visigino vyake viliacha kugusa ardhi, akapasuliwa mishipa ya visigino huko Moshi, akafungwa hogo miguu yote miwili, kisha akatengenezewa vishikizo vya plastiki vya kuvaa ndani ya viatu. Mji ule una chuo cha mafundi wa viungo bandia na vishikizo, TATCOT, kilichopo katika hospitali ya KCMC tangu mwaka 1981, ambacho wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Nyonga zake zilipigwa picha, zikaonekana zimekaa mahali pake. Wengi hawakubahatika hivyo, kwa kuwa nyonga hutoka polepole bila maumivu mwanzoni. Waswidi, walioanza mwaka 1994 mpango wa kuwafuatilia watoto wote wenye mtindio na kuwapiga picha kwa utaratibu, wameifanya ajali hiyo kuwa nadra sana kwao, na sioni kwa nini picha moja kwa mwaka ituelemee sisi.

Sasa mpwa wangu ni mtu mzima, hutengeneza simu katika kibanda chake, na kwa mtu wa namna yake utu uzima una mtihani ambao hatukutabiriwa. Kila hatua humgharimu nguvu mara mbili au zaidi ya zile zimgharimuzo mtu mwingine, na alipokaribia miaka 30 magoti yakaanza kumuuma, hata safari ya msikitini ikawa thakili. Alikwenda kliniki, akaambiwa kwamba hapo ni pa watoto, kama kwamba mtindio huachwa shuleni pamoja na sare. Kwa bahati alikutana na binti mmoja, mtaalamu kijana, aliyemwambia kwamba mtu mzima naye hujenga misuli, ikiwa atafanya mazoezi ya nguvu mara 2 hadi 4 kwa juma katika siku zisizofuatana, na kuongeza uzito kidogo kidogo. Basi huinuka na kuketi kitini akiwa na mfuko wa mchanga kifuani, na siku za mapumziko huenda Raskazone kuogelea, kwa kuwa bahari yetu ni ya vuguvugu, hulegeza ukakamavu na kumchukulia uzito wake, na humo majini, aniambiavyo, ndimo pekee ambamo hakumbuki magongo.

Binti yule alipomwuliza anataka nini, nikiwapo, nilidhani atasema maumivu yaishe. "Nataka kupanda daladala bila kuinuliwa makwapani," alisema, na akanigeukia, "Mjomba, wewe hujui ilivyo, kuinuliwa na konda mbele ya wateja wako." Wakapima kwa futi kimo cha kidaraja cha daladala, wakapanga matofali uani, moja kwanza, kisha la pili juu yake, na kila jioni isiyo ya mapumziko alipanda na kushuka, mkono mmoja kwenye gongo na wa pili kwenye bomba la chuma nililolisimika mimi mahali penye kipimo cha mlango. Ilichukua muda mrefu, na mara mbili alianguka vibaya. Juma lililopita tulipanda pamoja. Alipanda mwenyewe, akaketi dirishani, akayaweka magongo pembeni, na konda akamwambia kwamba vyombo vile vimechukua nafasi ya abiria, hivyo alipe nauli ya watu wawili. Mpwa wangu akakataa, konda akashikilia, abiria wakagawanyika makundi mawili, mimi nikanyamaza kwa kuwa sikuombwa, na ubishi haukwisha mpaka Ngamiani, ambako alishuka mwenyewe, akalipa nauli ya mtu mmoja.